Jicho la Atai na Unga wa Fidel

Kwa miaka miwili Atai alipika akiwa karibu kipofu, na wateja hawakulalamika. Mtoto wa jicho alikuwa ametanda macho yote mawili, lakini mama huyu wa Kiteso, mwenye miaka hamsini na minane, hakuhitaji macho kupika mboga za karanga. Katika kibanda chake cha chakula, hatua chache kutoka lango la mpaka la Busia upande wa Uganda, alijua mchuzi umeiva kwa sauti yake, na noti ya Kenya na ya Uganda alizitofautisha kwa vidole. Kisha siku moja akapakua ugali wa mtama moto kando ya sahani, ukatua mapajani mwa dereva wa lori. Yowe lake lilivuka mpaka bila pasipoti. Hapo Atai akakubali kwenda kupasuliwa.

Kambi ya macho ilikuwa imepiga hema kwenye uwanja wa kanisa huko Tororo kwa wiki tatu, bure. Muuguzi Daphine akamfunga mkono, akapima presha: mia na tisini na sita.

"Maama, hii ni presha au namba ya simu?"

"Unanicheka, Musawo?" Huko kila mhudumu wa afya huitwa Musawo.

"Sikucheki. Jicho likipasuliwa na presha hii linaweza kuvuja damu ndani, ukose hata hicho kidogo unachoona. Ikishuka chini ya mia na themanini, daktari atakupasua. Meza vidonge hivi kila siku. Na chumvi uache."

Atai ni mtiifu kupita kiasi. Jioni hiyo chumvi yote iliingia chooni, pamoja na abalang, ile chumvi ya majimaji inayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharage. Kesho yake Ecweru, mwendesha boda wa baiskeli anayekula hapo kila siku, alionja na kuweka mkono wake mezani.

"Maama, leo umepika mboga ao umeosha tu?"

"Kula. Nani amekufa kwa kukosa chumvi?"

"Mimi. Nakufa sasa hivi. Malaika naona ile pale."

Ikabidi awawekee wateja kopo la chumvi mezani, naye akabaki na chakula chake kisicho na ladha.

Siku ya nne akaja Fidel. Huyu anatoka Busia ya Kenya kila asubuhi na begi la mikanda ya kubana tumbo, majani ya kukondesha na, mwaka huu, ketoni. Mwili ukikosa wanga huyeyusha mafuta yake, na ini hutengeneza ketoni. Fidel alikuwa anauza ketoni zenyewe, za unga, kwa watu wasiotaka kukosa wanga. Ni kama kununua jasho la mtu mwingine ukajipaka, ili ionekane umelima.

"Mathe, presha ni mafuta tu. Ukikonda, inashuka yenyewe. Hii ni sayansi."

"Kuna chumvi ndani?"

"Chumvi ya wapi, mathe? Ni ketoni. Wazungu wanakunywa wakikimbia."

"Wanakimbia nani?"

Fidel akatoa kopo la unga huo begini, akamwachia.

Unga ule ulikuwa wa chumvi, na ulimi wa Atai, uliofunga siku nne, ukashangilia. Aliweka kijiko kwenye uji asubuhi, kingine mchana, kingine jioni. Wiki haijaisha alikuwa anaunyunyiza kwenye mboga zake. Hakuona tatizo. Chumvi aliyoijua yeye hununuliwa kwa pakiti dukani au huchujwa kwenye majivu. Kinachotoka kwenye kopo la dawa ni dawa, na dawa ikiwa tamu mtu hushukuru. Jumapili alisimama kanisani akashuhudia kwamba Mungu amemwondolea hamu ya chumvi. Watu wakapiga makofi.

Wiki ya pili presha ilisoma mia mbili na nane.

"Maama! Unalamba chumvi kama ng'ombe?"

"Naapa kwa marehemu mume wangu, chumvi nimeacha kabisa. Nakunywa hii tu." Akatoa kopo kwa fahari.

Daphine alisoma maandishi ya nyuma, akachovya kidole, akalamba.

"Maama, ketoni hizi zimeungwa na sodiamu. Sodiamu ndiyo ile ile ya kwenye chumvi. Inavuta maji kwenye damu na kupandisha presha. Mtu mzima asizidishe gramu mbili kwa siku, vyakula vyote pamoja. Kijiko kimoja hapa ni gramu nzima. Unakula vingapi?"

"Vitatu. Na kidogo kwa mboga."

"Kidogo kiasi gani?"

Atai akaangalia upande, ingawa pande zote kwake zilikuwa ukungu. Zilibaki siku tisa kambi ifungwe. Daphine akamwongezea kidonge cha aina nyingine.

Kesho yake Fidel alipita kibandani.

"Wewe Mkenya, kopo lako umesoma?"

"Mathe, maandishi ni madogo sana."

"Mimi ni kipofu. Wewe una sababu gani?"

Benchi zima lilicheka mpaka chai ikamwagika. Fidel alirudisha kopo begini na siku hiyo hakuuza chochote pale.

Kwa siku nane Atai alikula bila chumvi, bila ketoni na bila furaha. Hata kuonja sufuria kwa kiganja, mara thelathini kwa siku, aliacha. Kazi hiyo akampa Ecweru, aliyeifanya kwa bidii iliyotia shaka.

Alhamisi, siku moja kabla ya kufunga, mashine ilisoma mia na sabini na sita.

"Nenda haraka," Daphine alisema, "kabla haijabadili mawazo."

Akapasuliwa jicho la kulia. Ijumaa wakamwondolea bandeji.

Jumamosi asubuhi alifungua kibanda chake na kusimama mlangoni. Kuta zilikuwa nyeusi kwa masizi. Juu ya sufuria kubwa ulining'inia utando wa buibui mzito kama shuka. Ecweru na wateja wengine walikuwa wameshaingia na kukaa benchini, wanangoja uji.

"Ecweru, watu walikuwa wanakula hapa?"

"Kila siku, Maama."

"Na hamkusema?"

"Chakula kilikuwa kitamu. Tungesema nini?"

Atai akashika ufagio, akawatoa wote nje, na siku hiyo hakuna aliyekula kabla ya saa nane.