Pini za Geti la Tembo

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaani wanamwita Kobe. Chai yake hupoa akiitazama. Kwa hiyo siku nilipomwona akikimbilia pikipiki na kiatu kimoja mguuni, nilijua maji yamezidi unga.

Alikuwa akipaka rangi geti la jirani. Ili brashi ifike pembeni, alifanya wafanyavyo mafundi wote: aliliinua kidogo, likachomoka kwenye pini za bawaba. Akaliacha palepale, akaja mbio nyumbani.

"Mke wangu, lile la tembo nalo linachomoka hivihivi."

"Lile? Si mlilibeba karakana nzima mkahema kama mbuzi?"

"Zito kwetu sisi."

Binti yetu, kifungua mimba, analea tembo yatima kwenye kituo nje ya mji. Baba yake ndiye aliyewatengenezea geti jipya la zizi la dume aliyekwisha kukua. Kila mtu alimwambia tembo anasukuma, naye akajikinga na kusukumwa: mabomba manene, makomeo mawili. Geti la nyumba, likishamalizika, huwa analichomelea kizibo, kipande cha chuma juu ya pini, wezi wasilinyanyue. Hapa aliona ni kazi bure, maana mwizi gani aibe geti lenye tembo nyuma yake?

Nilipanda nyuma ya pikipiki nikimpigia binti simu. Iliita, haikupokelewa. Nikapiga tena. Binti yetu aliwahi kunisimulia kwamba mkonga ule unaookota karanga kiganjani mwake ndio huohuo unaong'oa mti. Siku ile nilicheka. Sasa nilipiga mara ya tatu, na Kobe alikuwa akiendesha kama mwendawazimu.

Tulikuta geti limelala chini, makomeo yamepinda. Dume alikuwa mbele ya stoo ya chakula, mkonga wake umeingia dirishani, na mwanetu alikuwa humo ndani.

Kobe alitaka kukimbilia huko. Nilimkamata shati likachanika.

"Baba, simama hapohapo," sauti ya binti ilitoka ndani, ya chini, kama anayebembeleza mtoto. "Hana hasira. Ana njaa tu."

Alitoka na ndoo ya maboga, akatembea kinyumenyume hadi zizini. Mnyama alimfuata taratibu. Mimi nilisali sala zote ninazozijua, nikazichanganya.

Walinzi wa kituo walisaidia kulirudisha geti. Binti alibaki ndani, akimlisha dume upande wa mbali, huku baba yake akichomelea vizibo kwa mashine ya kituo. Sijawahi kuona mshono mbaya vile kwenye kazi yake.

Cheche zilipokoma, maboga nayo yalikuwa yamekwisha. Dume alikuja, akapitisha mkonga chini ya bomba, akainua. Geti lilipanda kidogo, likagonga vizibo, likakwama.

"Umeona, baba?" binti alicheka. "Sasa liko imara."

Dume aliinua tena, bila papara, kama mtu anayeonja uzito wa mzigo. Vizibo vilishika. Kilichopanda ni nguzo, pamoja na zege lake, na udongo ukapasuka hadi kwenye vidole vya mguu wa Kobe usio na kiatu.

"Mwanangu," alisema, "toka humo."

Binti yetu hajawahi kumtii mtu kwa neno la kwanza. Safari hii alipenya katikati ya mabomba papo hapo, akamshika baba yake mkono, na wote tukarudi nyuma.