Ukakasi wa Ombati

Nakumbuka asubuhi ile ya mvua huko Ikonge, mwanangu, na ningependa kuisahau. Mtoto wangu wa kwanza, Moraa, alikuwa na miaka miwili, na alikuwa akiharisha tangu juzi yake. Baba yake alikuwa Kericho, anachuma chai. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, darasa la tatu nimeliacha katikati.

Nyinyi wa leo mnalijua neno ukakasi kwa ajili ya ndizi mbichi, vile mdomo unakauka na ulimi unajikunja. Zamani lilikuwa neno la dawa. Ombati, shemeji yangu, alifagia zahanati miaka minne, akatoka huko na koti jeupe na neno hilo. Namtaja jina makusudi. Kwake chochote kilicholegea mwilini kilitaka ukakasi: kidonda kinachovuja damu, fizi, tumbo. Alichemsha magome ya muwati, yale yale tuliyouza ya kutengenezea ngozi, mpaka maji yakawa mekundu.

“Onja, shemeji.”

Nikaonja. Ulimi ukashikamana na mdomo.

“Umeona? Ukakasi ukikaza mdomo hivyo, tumbo litabisha?”

“Na maji ya kunywa?”

“Maji yatalegeza nilichokaza. Asipewe hata tone. Ama wewe ndiye daktari?”

Akamnywesha Moraa kikombe cha maji yake mekundu, na mama mkwe wangu, Nyaboke, akauchukua mtungi wa maji akauweka nyuma ya kiti chake. Moraa aliufuata kwa macho. Maneno yake yalikuwa machache, na amache, yaani maji, alikuwa analijua. Alilisema mpaka sauti ikaisha.

Jirani yetu Mama Akinyi, mke wa karani wa chai, watu wa kutoka ziwani, alipita kuomba moto. Akamtazama mtoto.

“Mama Moraa, macho yameingia ndani. Mpe maji.”

“Kwenu mna ziwa zima, nendeni mkanywe,” Nyaboke akamjibu. “Hapa tunatibu.”

Ombati akacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, nisionekane niko upande wa mgeni.

Mchana tumbo likafunga. Nikashukuru, nikamchinjia Ombati kuku. Kumbe mtoto hakuwa amepona, ni vile hakubaki na kitu cha kutoa. Nilipomfinya ngozi ya tumbo ilibaki imekunjika vile nilivyoiacha. Kuku hajaiva, Moraa akakata roho.

Ombati aliwaambia waombolezaji kwamba nilimnywesha maji kwa siri. Natamani ingekuwa kweli. Yeye aliendelea kuchemsha magome hadi miaka ya sabini, na watu wakimwita daktari.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mtu akija na neno kubwa la dawa, muulize mtoto amepoteza nini na yeye atamrudishia nini. Akikasirika, beba mtoto wako uondoke. Anayeharisha mpe maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, hata akitapika, na umpeleke hospitali, Nyamira ama Kisii, hata kama ni kwa mgongo. Mama mkwe akinuna, mwache anune. Mimi nilimheshimu Nyaboke, na heshima hiyo ndiyo iliyonifukia mtoto.

Mungu akupe watoto, akupe na mdomo wa kuwatetea wangali hai. Uzeeke ukiwaona, na wao ndio wakuzike.