Papa alifungwa kwa kukataa salongo ya Jumamosi, wiki ya harusi yangu

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Naona humu siku hizi kila mwenye ugomvi anasema katiba inamlinda. Sawa. Ngoja niwasimulie siku katiba ilipoingia nyumbani kwetu Murara, Goma, enzi za Zaïre. Niliyaona kwa macho yangu, na chumvi nimeiacha jikoni.

Kwa mliozaliwa juzi: salongo ilikuwa kazi ya lazima. Kila Jumamosi asubuhi mtaa mzima unatoka na majembe, kufagia, kufyeka, kuzibua mitaro. Chef de quartier, yaani mkuu wa mtaa, anasimama anaangalia nani yupo, nani kajificha chini ya kitanda.

Sasa sisi ni watu wa Sabato, wazazi wangu waliteremka nayo kutoka milima ya Masisi. Jumamosi jembe haliguswi.

Miaka mingi chef alifumba macho. Kisha akaja chef mpya, mtu wa makelele, kifua mbele. Jumamosi moja akamkamata Papa mlangoni mwa kanisa, na suti yake ya ibada, akamtia cachot, yaani mahabusu.

Harusi yangu ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata.

Kwetu baba ndiye anayemkabidhi binti kwa wakwe. Baba akiwa ndani, hakuna harusi, wakwe wanarudi na ng'ombe wao. Nililia mpaka mashoga zangu wakachoka kunibembeleza.

Mama hakulia. Alikwenda kwa chef na sahani ya chakula cha Papa kichwani, akamwambia, "Chef, kama Papa Furaha ameua sheria, umupeleke kwa juge. Kama hajaua, umurudishe."

Furaha ndiye mimi. Na chef, kwa vile alikuwa na uhakika wa kushinda, akakubali.

Ijumaa tukaenda tribunal. Jaji alikuwa kijana kutoka Kinshasa, Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini anasikiliza. Ni kitu adimu, wakuu, mtu wa cheo anayesikiliza.

Akamuuliza Papa, "Weye unakatala salongo?"

"Hapana, citoyen juge. Kutumika sikatale. Nakatala siku ya posho tu, ni ya Mungu wangu." Siku ya posho ndiyo Jumamosi kwetu, kutumika ni kufanya kazi, na citoyen ni kama kusema ndugu.

Chef akaruka. "Batu bote banatumika siku ya posho! Yeye iko nani?"

Jaji akasema katiba ya nchi inampa kila mtu uhuru wa dini yake, mradi havurugi amani. Halafu akasema nchi nayo inamdai kila mtu kazi yake, na Papa hawezi kujificha nyuma ya kanisa. Sikujua anaelekea wapi.

"Atumike siku ingine," akasema.

Hapo chef akadhani amepata pa kumbania. "Citoyen juge, kama miye siko pale kuangalia, ile haiko salongo."

"Basi utakuwa pale," jaji akajibu, bila hata kutabasamu.

Chef akarudi kuketi. Siku nyingine ya watu kuwa nyumbani ni Jumapili, na kila mtu Murara alijua chef Jumapili haamki kabla ya jua kuwa kali.

Jaji akamgeukia Papa: achague siku, azibue mtaro wote wa barabara yetu, na usipokwisha siku hiyohiyo arudi cachot. Papa, kwa furaha ya kusikia Mungu wake ameheshimiwa mbele ya serikali, akajibu palepale:

"Yenga hii."

Yenga ni Jumapili.

Mama akashika kichwa. "Papa Furaha, ile siku mutoto anaolewa."

Papa akageuka kumwita jaji. Lakini neno lilikwisha kutoka, na jaji alikwisha simama.

Mnaoijua Goma mnajua mtaro wetu si udongo, ni mawe ya volkano. Mtu mmoja asubuhi moja? Usiniambie.

Jumapili alfajiri nikasikia vyuma vinagonga mawe. Nikachungulia. Ndugu wote wa Masisi, waliokuja na maziwa na viazi vya karamu, walikuwa ndani ya mtaro na Papa. Shangazi zangu wamefunga pagne, vitenge vyao vya sherehe, mpaka magotini, wanatupa mawe wanaimba. Chef amekaa kwenye kiti, macho mekundu ya usingizi.

Wakatoliki waliokuwa wanakwenda misa wakasimama kutazama. Wengine wakavua viatu wakashuka.

Kisha wakatokea wakwe kuja kunichukua. Wakawakuta shemeji zao na vumbi mpaka kwenye kope. Nikajua mambo yameharibika.

Bahati, bwana harusi wangu, akavua abacost, koti lake jipya la harusi, akampa mama yake ashike, akaruka mtaroni. Siku ile ndipo nilipojua naolewa na mtu.

Kabla ya mchana mtaro ulikuwa mweupe. Chef alitembea mwanzo mpaka mwisho, na wote tunamfuata nyuma. Akasema, "Salongo imeisha. Sasa kule kwa harusi, mimi naingia ao nabaki inje?"

Aliingia, wakuu, na alikula kutuzidi wote. Papa alinishika mkono kunikabidhi, vidole vimechubuka wala hasikii maumivu. Mtu ambaye sikuwahi kumwona akicheza, alicheza.

Baada ya hapo watu wa Sabato wakawa na salongo yao ya Jumapili. Vijana kadhaa wa mtaa wakaokoka ghafla ili walale Jumamosi. Chef akawasubiri Jumapili na kiti chake. Imani yao haikufika mwezi.

Nilichojifunza ni kwamba haki haikumpokonya Papa jembe. Ilimpa siku yake, jasho likabaki lake. Wengi humu mnataka siku tu, jasho hamlitaki.

Juzi mjukuu wangu amepangiwa mtihani Jumamosi, ananiuliza adai nini. Nimemwambia asiombe kusamehewa mtihani. Aombe siku nyingine, na kabla hajaitaja, aniulize kama hakuna harusi.

Haya, nyinyi mngemshaurije? Mwenye kubisha abishe kwa adabu, nipo nasoma.