Njia Isiyo na Doa Jekundu

Kila mwaka Nyamburi alichora ramani ya mauaji ya Musoma, kila aliyeuawa akiwa doa jekundu. Madoa yalisongamana kwenye njia moja yenye giza, nyuma ya vilabu vya pombe, naye akawasumbua wakubwa mpaka taa zikawekwa.

Leo alimaliza ramani ya mwaka uliopita. Njia ile ilikuwa nyeupe! Akavua viatu, akacheza kati ya meza za ofisi huku akipiga vigelegele.

“Dada, umechumbiwa?” aliuliza Paschal, mwenzake wa ofisini.

“Hakuna aliyeuawa kule njiani! Mwaka mzima!”

Wakashikana mikono, wakazunguka mpaka kiti kikaanguka. Kisha Nyamburi akampigia simu mama yake aliyekuwa Butiama.

“Mama, wote wamefika nyumbani salama!”

“Kwani walikuwaga wapi?”

Nyamburi akacheka mpaka akakaa sakafuni.