Miwani Iliyopimwa kwa Salamu

Nilikuwa katika duka la miwani pale Kitengela, nikingoja yangu ikazwe skrubu. Kando yangu dada mmoja wa ofisini alikuwa anachagua miwani ya jua ya michezo. Bosi wake alikuwa amemwalika gofu Jumamosi, mara yake ya kwanza. Alivaa moja, akauzungusha mwavuli wake kama fimbo ya gofu, mwenye duka akaruka nyuma.

"Hii iko sawa," dada akasema. "Haitingishiki."

Hapo akaingia mzee wa rika la baba yake. Dada akamwinamishia kichwa, kama binti yeyote wa Kimaasai. Mzee akamgusa utosini kumbariki.

"Takwenya," akamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," akaitikia kwa lugha hiyo hiyo, na miwani ikaanguka sakafuni.

Nilidhani ataona haya. Akavaa nyingine.

"Baba, nisalimie tena. Hata kwa gofu ni kuinama tu."

Mzee akamsalimia upya kwa kila miwani, bila kucheka, mpaka moja ikakataa kuanguka. Dada akaichukua hiyo.

"Huyu amepata baraka za mwaka mzima," mzee akaniambia.

Namhurumia bosi. Yeye Jumamosi kichwani atakuwa na kofia tu.