Aliyebaki Daraja la Tatu

Arvid Nygaard alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo mengi yake yaliishia kwa ng'ombe. Ukienda kumsalimu asubuhi atakuitikia kwa kidevu, atakuonesha kiti, atakumiminia kahawa, kisha mtakaa. Mimi nilipenda kukaa kwake. Kuna watu ambao kimya chao hakikufukuzi.

Hakuoa. Kaka yake, Selmer, naye hakuoa. Waliishi wawili katika nyumba ya wazazi wao, kilimani nje kidogo ya mji wetu wa Stenrud, wakifuga ng'ombe wa maziwa na kulima mahindi ya kuwalisha. Nimekula nao mchana, kuanzia supu mpaka pai ya tufaha, bila kusikia neno lolote isipokuwa "chumvi".

Lakini Jumamosi za vuli, chuo chetu kinapocheza nyumbani, Selmer alikuwa mtu mwingine. Chuo cha Stenrud ni kidogo. Mpira wetu ni ule wa kubeba mikononi na kuangushana, na tulikuwa daraja la tatu, ambako vijana hucheza bila kulipiwa hata karo, na Jumatatu unamkuta beki wako dukani anakupimia misumari. Kabla mpira wa kwanza haujapigwa, Selmer alikuwa akisimama kwenye benchi la juu kabisa la jukwaa, anajaza kifua, anaita:

"Nani yupo nyumbani?"

Nasi sote tunaitikia: "Tupo!"

Katikati ya mwito palikuwa na kikohozi, kwa sababu alivuta kiko tangu ujana. Nani yupo, kho, nyumbani. Watoto walikiigiza kikohozi hicho njiani wakienda shule. Arvid alikaa benchi la chini yake, na "Tupo" ya kwanza kusikika ilikuwa yake. Ninavyodhani mimi, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu ya wiki.

Selmer alifia bandani mwezi wa pili, ameegemea ubavu wa ng'ombe kama mtu anayesikiliza kitu ndani yake. Arvid alimaliza kukamua kwanza, maana ng'ombe hawangoji, ndipo akapiga simu.

Vuli ilipofika, hatukuwa tumekubaliana nani ataita. Lilikuwa jambo la aibu kulizungumza, tukaliacha. Siku ya mechi ya kwanza wachezaji walijipanga, mwamuzi akainua mkono, uwanja ukatulia, kila mtu akimngoja mwenzake. Ndipo mwito ukaja kutoka juu, nyuma yetu, kwenye benchi ambalo hakuna aliyethubutu kulikalia.

"Nani yupo, kho, nyumbani?"

Tukaitikia. Mazoea yana mbio kuliko hofu. "Tupo!" tukasema, mji mzima, na baada ya kusema ndipo nywele zikatusimama. Waliogeuka waliona benchi tupu na anga. Mke wa mchungaji alianza kulia bila sauti. Arvid hakugeuka. Alikuwa ameketi wima, mikono magotini, na masikio yake yamekuwa mekundu kama ya mtoto aliyesifiwa.

Basi ikawa hivyo, mwaka hadi mwaka. Hatukuitangaza. Mgeni akiuliza, tunamwambia ni mtu wetu mmoja. Tulijiwekea desturi moja tu: mwito ukija, hakuna kugeuka. Akina mama huwashika watoto kidevu, taratibu, mpaka "Tupo" ipite. Arvid hakukosa hata Jumamosi moja. Aliwahi kuja akiwa na homa ya mapafu, amefungwa shali tatu.

Halafu chuo kikataka kuhama daraja.

Kwetu timu haipandi daraja kwa kushinda. Unaweza kufunga kila mtu miaka kumi na ukabaki pale pale. Unapanda siku wakubwa wa chuo wanapoketi mezani na kusema sasa tunapanda, tutawalipia vijana karo, tutajenga jukwaa, tutaingia ligi ya wenye nafasi. Wanafunzi walikuwa wanapungua, na wakubwa waliamini daraja la pili litawaleta. Habari ilizungumzwa katika mkahawa wa Darlene mpaka ikachakaa.

"Daraja la pili, jamani! Tutapigwa mpaka tusahau majina yetu," alisema Gaylen Voss, mwenye bucha.

"Mbona hata sasa tunapigwa?" akajibu Haskell, mkuu wa michezo wa chuo. "Tofauti ni kwamba tutapigwa na watu wenye mabasi mazuri."

Watu wakacheka. Arvid alikuwa pembeni na kikombe chake. Akauliza, "Na Selmer?"

Darlene akazima redio.

Haskell hakuzaliwa kwetu, lakini alikuwa amekwisha kujifunza kutogeuka. Akainama mbele. "Mzee Arvid, benchi lile hakuna atakayeligusa. Jukwaa zima litakuwa jipya, lakini benchi la juu mafundi wameambiwa waliache."

"Sikuuliza benchi."

"Ah, we Arvid nawe!" Gaylen akampiga bega. "Selmer damu yake ya kijani kama jezi zetu. Tukienda, anakuja. Atabaki huku na nani?"

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea sote, maana hakuna aliyembishia Gaylen. Arvid peke yake ndiye aliyebaki anakoroga kahawa isiyo na sukari. Alikuwa amempoteza kaka yake mara moja, na alikuwa anaogopa kumpoteza mara ya pili.

Mechi ya mwisho ya daraja la tatu tulicheza na Chuo cha Wexley, ng'ambo ya mto. Wexley ni watani na maadui zetu tangu mashabiki walipokuwa wakija kwa farasi. Ukihama daraja unaachana na ratiba ya zamani, kwa hiyo tulijua hatutaonana nao tena uwanjani. Mwito ulikuja vizuri siku ile. Tulifungwa. Watu walipoondoka Arvid alibaki jukwaani, nami nikamngoja langoni, jua bado liko juu ya mashamba.

Nilimsikia akisema, bila kugeuka, "Tunahama, Selmer. Mwakani tuko daraja la pili. Unasikia?"

Upepo ukasukuma makaratasi ya bisi chini ya mabenchi.

"Hata nyumbani hakuwa mtu wa kujibu," Arvid aliniambia aliponipita. Lakini uso wake haukutulia.

Msimu uliofuata jukwaa lilinukia rangi. Wapinzani walitoka mbali, mabasi meupe marefu, vijana wenye shingo kama magogo. Kulikuwa na vipaza sauti vipya na muziki wa kutikisa meno. Wakati ulipofika Haskell mwenyewe aliinua mkono na muziki ukazimwa. Uwanja ukatulia. Nikawaona akina mama wakiwashika watoto videvu.

Tukangoja.

Mwamuzi alitutazama, akatazama saa. Wageni wakaanza kunong'onezana. Na bado tukangoja, maelfu ya macho yakitazama mbele, hakuna anayepumua vizuri. Mwishowe Gaylen Voss hakuvumilia, akasimama na kupayuka, "Nani yupo nyumbani?" Watu wakaitikia kidogo kidogo, kama wanaoitikia sala ya dhehebu lingine. Arvid hakufungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu kaka yake afe, aligeuka. Nami nikageuka naye. Benchi lilikuwa tupu, na zamani pia lilikuwa tupu, lakini siwezi kueleza, safari hii lilikuwa tupu kweli.

Mechi ya pili ya nyumbani ikawa vilevile. Baada ya hapo Arvid alianza kukonda. Nilimkuta jikoni, meza imeandaliwa sahani mbili, na chumvi imewekwa upande wa pili.

Jumamosi moja timu yetu ilikuwa imesafiri. Arvid akanipigia simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Gari lako lina mafuta?"

"Lina. Twende wapi?"

"Wexley. Wanacheza na wale wa daraja letu la zamani. Nataka tu kuona nyuso ninazozijua."

Tukavuka mto. Kwenye uwanja wao watu walikuwa wanachoma soseji nyuma ya pikapu, kila mtu na koti la rangi ya damu ya mzee, na Arvid katikati yao na kofia yake ya kijani. Lavonne Pruitt, mjane anayeuza kahawa langoni tangu enzi, alimwona kwa mbali.

"Haya jamani, pisheni! Bwana mkubwa wa daraja la pili amekuja kutuona sisi maskini!"

"Kahawa, Lavonne."

"Mnakunywa ya huku bado? Si mnaletewa kwa ndege siku hizi?" Lakini alimjazia kikombe mpaka ukingoni, akamwachia dada yake meza, akapanda nasi jukwaani kuketi.

Mechi ikakaribia. Wachezaji wakajipanga. Nilikuwa napuliza kahawa yangu, ndipo nikaona uwanja mzima wa Wexley umetulia ghafla. Mbele yetu mama mmoja alinyoosha mkono akamshika bintiye kidevu.

"Nani yupo, kho, nyumbani?"

"Tupo!" wakaitikia Wexley, wote, hata polisi wa langoni.

Kahawa ya Arvid ilikuwa imemwagika magotini na hakuhisi. Alimwinamia Lavonne. "Nani huyo anayeita?"

"Hatujui," alisema Lavonne, naye sasa alinong'ona, utani wote umemtoka. "Ameanza msimu huu. Siku ya kwanza tulidhani ninyi mmetuma mtu wa kutudhihaki. Vijana wakapanda juu wampige. Hawakumkuta. Sasa tunaitikia tu. Bibi yangu alikuwa akisema ukiitwa na mtu usiyemwona usipoitikia, anashuka kukutafuta."

Arvid alizungumza tulipokuwa tunarudi, gari likiwa juu ya mto.

"Hakuja nasi," alisema. "Amebaki daraja la tatu."

Sikuficha, nikasimulia kwa Darlene, na ningefanya vizuri kunyamaza. Mji ulichachamaa. Selmer Nygaard, aliyewahi kukataa kununua trekta kwa sababu lilikuwa na rangi ya Wexley, amevuka mto! Gaylen alisema ni wizi. Haskell hakusema neno hilo, lakini alikuja kilimani na kofia mkononi, Gaylen nyuma yake.

"Mzee Arvid, wewe ni ndugu yake. Nenda ukamwambie arudi. Atakusikia wewe. Watu hawaji tena uwanjani, nakuambia kweli. Wanasema pamekufa."

"Hapo nyuma pamekaa mfu miaka yote hii," alisema Gaylen, "na leo ndiyo pamekufa?"

"Gaylen, nyamaza."

Arvid aliwatazama wote wawili. "Nitakwenda," akasema.

Tulikwenda Jumamosi ya mwisho ya msimu. Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka. Arvid alichagua benchi la pili kutoka juu, chini ya lile ambalo Wexley nao walikuwa wameanza kuliacha wazi. Mimi kushoto kwake, Lavonne kulia, na ndugu zake Lavonne wamejipanga mpaka mwisho wa benchi. Nilijua alichotumwa kusema. Nililiona neno kabisa kinywani mwake, analigeuzageuza kama tonge la moto: Selmer, twende nyumbani.

Wachezaji wakajipanga. Kimya.

Mwito ukaja, karibu kuliko nilivyowahi kuusikia. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya tumbaku, na theluji iliyokuwa inaanguka juu ya mabega yetu ikapinda kidogo.

"Tupo!" Wexley wakaitikia.

Sauti zilipokwisha, na kabla mpira haujapigwa, Arvid akafungua kinywa. Alisema polepole, kama anayeomba chumvi:

"Nipo."

Hakuongeza jingine.

Ubao tuliokalia ukabonyea, baina yake na Lavonne, palipokuwa na nafasi ya kiganja tu. Nilisikia misumari ikilia. Sikugeuka. Arvid alikuwa anatazama mbele, machozi yanamshuka na hayafuti, masikio mekundu.

Lavonne naye hakugeuka. Aliminya midomo, akamsukuma dada yake kwa kiwiko.

"Songeni," alisema kwa sauti ndogo. "Songeni huko, mpeni mtu nafasi."

Benchi zima likasogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka shemeji yake Lavonne aliyekuwa mwishoni kabisa akakosa pa kukaa. Akainuka na kikombe chake, akasimama kwenye ngazi, theluji inamwangukia, akatazama mechi yote hivyo bila kuuliza.