Glasi ya maziwa niliyoiacha mezani

Kwanza niseme sikusoma sana. Shule yetu ya milimani ilikuwa mbali na ng'ombe walikuwa karibu, donc, basi, mnaelewa nilikwenda wapi. Nikipotea njia katika kuandika, mnivumilie, nitarudi.

Jambo lenyewe lilitokea katika mgahawa wa mji mdogo, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Columbus. Ni ile migahawa yenye baa katikati na meza pembeni, watu wanakula nyama ya kuchoma na viazi, wengine wanakunywa bia wakitazama mpira. Waamerika wanaleta hata bibi zao pale. Mimi nilikuwa sijawahi kuingia, kwa sababu mimi ni shemasi, na katika kanisa letu hapa Louisville mtu akionekana penye bia, wazee wanamwita.

Hivyo ndivyo tulivyomwita binti yangu. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti yake ilikuwa inafika hata kwa waliosinzia nyuma. Alikuwa anafunga makartoni katika ghala huku South End mpaka mgongo ukakataa, akapata kazi ya kuhudumia meza. Mtu akamwona amebeba bia kwenye sinia. Wazee wakakaa, wakauliza nani anakubali atolewe kwenye kwaya. Niliinua mkono. Wa kwanza! Nilitaka waone kwamba shemasi hapendelei damu yake. Hakulia. Alivua kitambaa cha kwaya shingoni, akakikunja vizuri, akaniwekea magotini. Mwezi uliofuata akahamia Columbus, akalala kwa rafiki yake mwanafunzi karibu na ile yunivasiti kubwa, kisha akapata kazi katika mgahawa ule wa mji mdogo. Miaka sita tulikuwa tunasalimiana Krismasi tu.

Bon, haya. Mwaka huu akanipigia simu.

"Baba, naolewa. Arusi ni Buffalo. Panda basi mpaka Columbus, nitakuchukua, tutaenda pamoja. Lakini mbele ya kwenda, utakunywa maziwa yangu."

Niwaeleze. Katika ukoo wetu, msichana anapotaka kutoka kwa baba yake, anamletea maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Baba anayanywa yote bila kuweka chombo chini. Akimaliza, amemwachilia kwa moyo mweupe, na atamshika mkono siku ya arusi. Asipomaliza, arusi itakuwa, lakini binti anaolewa kama mtu aliyetoroka. Kule nyumbani yalikuwa ya ng'ombe wetu, yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Haya ya dukani hayana harufu yoyote, lakini ndiyo tuliyo nayo.

"Nitayanywea wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye kazi yangu."

"Kwenye baa?"

"Kwenye kazi yangu, Baba."

Nilielewa anachotaka. Nikakubali, na njia nzima ndani ya basi nilikuwa najiambia, mzee, hilo ni deni dogo sana kwa mkono ule uliouinua.

Tuliingia mchana, saa sita. Nilivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Akanikalisha karibu na dirisha, akafunga aproni yake.

"Unakula nini?"

"Nimeshiba," nikasema, na njaa ilikuwa inaniuma tangu Cincinnati. Kwetu mgeni anakataa kwanza ndipo anabembelezwa.

"Baba, hapa ukisema umeshiba wanakuamini," akacheka. "Nitakuletea viazi."

Mwanaume mmoja mnene pale kwenye kaunta akaniinulia mkono na kusema maneno marefu. Binti yangu akanitafsiria: "Anauliza kama wewe ndiye ule baba wa ng'ombe. Nimewaambia habari zako zote. Hata jina la ule ng'ombe mwekundu analijua."

Watu wa baa walikuwa wananijua! Mimi kanisani jina la binti yangu sikulitaja miaka sita.

Akaleta maziwa, glasi ndefu, ameishika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo hapo mbele ya Wazungu. Nikapokea. Nikapiga funda la kwanza, la pili. Mlango ukafunguka, akaingia dereva mmoja wa lori, mshiriki wa kanisa letu, aliyejiunga binti yangu akiwa ameshaondoka.

Nikaweka glasi chini. Nikaisukuma upande wa pili wa meza, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Mutumishi! Bwana asifiwe! Weye hapa?"

"Amina. Nimeingia choo tu."

"Choo!" Akacheka. "Kaa tukule. Mi nakula hapa kila juma nikienda Buffalo. Kuko dada mumoja wa kwetu hapa, anaongea sawa sisi. Haumujui?"

"Simjui."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yake na sahani ya viazi. Akanitazama, si kwa muda mrefu.

"Choo iko kule mwisho, muzee," akasema.

Ikabidi niende. Nilisimama mle ndani nikafungua maji, nikanawa mikono ambayo haikuwa michafu. Nilipotoka, meza ilikuwa imepanguswa, glasi haipo, kama pale hakukukaa mtu. Dereva alikuwa anakula mabawa ya kuku kwa furaha. Yule mnene wa kaunta hakuelewa maneno yetu, lakini aliona nilivyoisukuma glasi, maana hakuniangalia tena.

Kutoka pale mpaka Buffalo ni zaidi ya saa nne. Aliendesha vizuri. Aliniuliza kama ninasikia baridi. Karibu na Buffalo tulisimama kutia mafuta, nikakimbia ndani ya duka, nikachukua chupa ya maziwa, nikasimama mbele ya kioo cha gari nikayanywa yote bila kupumua, mengine yakateremka kwenye tai yangu. Akateremsha kioo.

"Baba, hayo umejipa mwenyewe," akasema kwa upole. "Panda, tunachelewa."

Kesho yake mjomba wake ndiye aliyemshika mkono. Mimi nilikaa safu ya tatu, na tai ilikuwa na doa.

Niliporudi Louisville nilisimama mbele ya wazee nikasema yote: baa, maziwa, na neno lile simjui. Wakatazamana, wakacheka kidogo. Mmoja akasema, "Mutumishi, weye ulienda kwa mutoto wako, kuko zambi gani?" Wakaniombea, wakaniambia Jumapili nipitishe kikapu cha sadaka kama kawaida. Nilikuwa nimekuja na kitambaa chake mfukoni. Nilingoja mtu ainue mkono nami nitolewe, kama yeye. Hakuna aliyeinua.